Kigogota wa Mshelisheli wa Mwanakheir

Mtu asinambie mie habari ya ndege. Kunguru akininyakulia samaki uani, namtukana, yanaisha. Mashore wakila mpunga, nasema ndiyo riziki yao. Lakini kigogota simpendi, na sababu ninayo. Watu wa Jang'ombe wanaoijua habari hii hunicheka. Hunambia, "Bi Mwatum, ugomvi wako si na ndege, ugomvi wako na mdogo wako." Haya, na iwe hivyo. Nakuhadithieni, halafu muamue wenyewe kama mie ndiye mwenye roho mbaya.

Mdogo wangu anaitwa Mwanakheir. Tumetoka tumbo moja, mie wa kwanza, yeye kitinda mimba. Tangu utotoni alikuwa mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Akikaanga samaki, paka wa mtaa mzima hushiba kabla ya mgeni. Mama alikuwa akisema huyu atapata taabu duniani, na mie nilikuwa nikisema hapana, taabu nitaipata mie wa kumsimamia. Na ndivyo ilivyokuwa.

Aliolewa na Hija, seremala, mtu mwema asiye na kitu. Mahari yake hakutoa fedha. Alimpa mti. Mkisikia mti msicheke, maana kwetu Unguja ardhi mbali, mti mbali. Kiwanja kinaweza kuwa cha huyu, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule, na kila mmoja akala chake kwa amani. Hija alikuwa ameununua mshelisheli mmoja mkubwa pale Jang'ombe kwa Mzee Shaame, mwenye kiwanja, na siku ya nikaha akampa Mwanakheir. Mzee Shaame akasimama mbele ya mashahidi akasema maneno yake, na mie nilikuwa nyuma ya pazia nikiyasikia: "Mshelisheli huu ni wa Mwanakheir, na kivuli chake ni cha Mwanakheir, atakaa hapo na atafanya kazi hapo. Maadamu mti u hai, na maadamu mwenyewe hakuutia chuma. Ukifa, au mwenyewe akautia chuma, yeye au mtu aliyemtuma, kiwanja kinarudi kwa mwenye kiwanja."

Hilo la chuma lilikuwa na maana yake. Wazee wale walikwishaona watu wakipewa miti wale matunda, wakaishia kuikata kuni na kuendelea kukalia ardhi ya watu. Kwa hiyo mtu akiutia chuma mti wake, keshasema kwa mkono wake kuwa hautaki tena.

Basi wakaoana, Hija akamjengea banda la makuti chini ya ule mshelisheli, na chumba kimoja kwa nyuma. Seremala mzima, mwenye kasha la vyombo, hakupigilia hata msumari mmoja kwenye mti ule. Taa waliitundika kwa kamba ya usumba. Mashelisheli aliyaangua kwa upembo wa mti mtupu, bila kisu nchani. Mwanakheir akawa anayakaanga, mengine anayapika kwa nazi, na jioni wapagazi wanaotoka Darajani na bandarini walijaa pale mpaka wengine wakila wamesimama. Mtoto hawakujaaliwa. Kisha Hija akashikwa na homa, akafariki. Mwanakheir akakaa eda yake, akatoka, akawasha tena moto wake. Hakuwa na kitu kingine duniani. Mti ule ndio uliokuwa nyumba yake na sahani yake.

Mzee Shaame naye akafariki, na warithi wake wakakiuza kile kiwanja kwa Bwana Masoud, mwenye maduka Mlandege. Sitamsingizia. Bwana Masoud alikuwa muungwana, Ramadhani akileta tende, msibani akija. Na alinunua kiwanja pamoja na maneno yake, hakuyakana. Lakini alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na vyumba havijengwi chini ya mti wa mtu. Kwa hiyo alikuwa akisubiri. Kila akipita hutazama juu, kama mtu anayesubiri mvua.

Tukafika miaka ya hamsini na kitu, ukaja mwaka wa kiangazi kibaya. Visima vilikauka, migomba ilianguka yenyewe. Mshelisheli ukapukutisha majani, ukabaki na kishungi kidogo juu kabisa, ambako hakuna mkono wala upembo unaofika. Mashelisheli yaliyotoka yalianguka yakiwa madogo kama ndimu. Na tawi moja kubwa, la upande wa mashariki, likakauka kabisa.

Hapo ndipo akaja yule mlaaniwa.

Asubuhi moja nimekaa barazani kwangu, maana nyumba yangu na banda la Mwanakheir ni pua na mdomo, nikasikia ko-ko-ko-ko-ko. Nikadhani mtu anapigilia kitanda. Nikatoka. Namuona ndege, mgongo wa kijani, kifua cha madoadoa, utosi mwekundu, kang'ang'ania lile tawi kavu kwa kucha, mkia kauegemeza, anapiga mdomo kama ana zabuni. Vibanzi vya mti vinamwagika juu ya karai la mdogo wangu. Kigogota! Ndege wa shamba huyu, wa huko kwenye misitu, nani kamwita mjini?

"Mfukuze," nikamwambia Mwanakheir.

"Ananifanyia nini, dada? Anatafuta wadudu wake."

"Anakutangaza!"

Hakufahamu. Mie nilifahamu, na Matar alifahamu. Matar alikuwa mtu wa Bwana Masoud, akizunguka kukusanya kodi za viwanja. Si mtu mbaya, ni mtu wa kutumwa, na mtu wa kutumwa huwa na bidii kuliko aliyemtuma. Alisimama chini ya mti siku ile, fimbo mkononi, akasikiliza mpaka ndege akamaliza.

"Bi Mwanakheir," akasema, "ndege huyu hagogoti mti mzima. Mti ukishaoza moyo ndipo anapokuja yeye. Huu umeshakufa, unangoja kuzikwa tu."

"Una majani juu, Matar," nikamwambia mie.

"Majani yale ni ya kuagia, Bi Mwatum."

Akaenda zake Mlandege. Siku ya pili salamu zikaja: Bwana Masoud anaomba, kwa heshima zote, mti ukaguliwe na Mzee Silima. Mzee Silima alikuwa mtu wa Makunduchi aliyehamia mjini zamani, maisha yake yote kayala katika mashamba ya watu, na katika mashahidi wa ile nikaha ndiye peke yake aliyebaki hai. Akisema mti mzima, mzima. Akisema mfu, Mwanakheir afunge mizigo. Siku ikawekwa, mwezi na nusu mbele, baada ya sala ya alasiri.

Sasa niambieni. Dawa yake si kulikata lile tawi kavu? Tawi moja tu! Ukilikata, ndege hana pa kugogota, mti unabaki na sura. Lakini huwezi, maana kukata ni chuma. Nilikuwa nikilitazama tawi lile naliona linanicheka. Kila nikifikiri, njia zote zinaishia kwenye lile neno la Mzee Shaame, Mungu amrehemu, lakini siku zile nilikuwa simuombei rehema kwa moyo mweupe.

Tukaanza vita. Nikapiga debe mpaka majirani wakaniuliza kama nimeingiwa na shetani wa ngoma. Kigogota akahamia upande wa pili wa tawi, akaendelea. Nikafukiza makumbi ya nazi, moshi ukatutoa machozi sie, yeye akaruka akakaa kwenye mnazi wa jirani, moshi ukisha akarudi. Nikaenda kwa maalimu nikaletewa kombe, maji ya zafarani, tukanyunyizia shina kwa adabu zote. Nikatundika kanzu kuukuu ya mume wangu, Gharib, kwenye ufito mrefu iwe kama mtu. Wallahi nakuambieni, alitua begani! Akaipima kanzu kwa jicho moja, kisha akarudi kazini kwake. Gharib alicheka siku mbili, na siku mbili hizo hakula kwangu.

Na Mwanakheir? Mwanakheir alikuwa akinisaidia kama mtu anayesaidia kubeba jeneza la asiyemjua. Akipiga debe, anapiga polepole. "Usimtie kiwewe sana, dada," ananambia. "Naye ana mwenzake, nimemuona." Kweli walikuwa wawili, dume na jike. Na ko-ko-ko zikawa zimepungua, maana lile tundu lilikwishakamilika, duara safi, halipiti hata ndimu kubwa, pale pale tawi linapokutana na shina. Mie nikaona ahueni kuwa kelele zimepungua. Lakini tundu lilikuwa limekaa kama jicho, na Mzee Silima haoni mbali, lakini tundu lile angeliona hata akiwa Mkunazini.

Siku moja kabla ya ukaguzi akaja Kurwa, mtoto wa mjomba wetu. Kurwa ni mwashi, akitengeneza mapaa na mabirika ya majumba makubwa ya Shangani, na sifa zake huzisema mwenyewe asubuhi na jioni.

"Tundu tu hilo linakusumbueni?" akasema. "Tundu ndiyo kazi yangu. Naliziba kwa chokaa na saruji, nalipaka rangi ya gome. Hata ndege mwenyewe hatalijua."

"Si chuma?" akauliza Mwanakheir.

"Natia kwa vidole, dada. Vidole vyangu vina chuma?"

Tukafurahi. Nisiseme uongo, nilimpikia Kurwa biriani ya kuku siku ile. Akaja na ngazi yake ya mianzi baada ya adhuhuri, akangoja mpaka ndege wote wawili wametoka, akapanda. Akashindilia makumbi kidogo, kisha chokaa yake, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaongeza, akabonyeza, akapaka udongo na majivu juu. Ukitazama kutoka chini huoni kitu. Kurwa akashuka anajipangusa mikono. "Hii nimetia ile ya kuzibia mabirika," akasema. "Maji hayapiti, itapita hewa?" Ngazi akaiacha, akasema ataifuata kesho kutwa.

Jioni ile kigogota alirudi. Nikamuona anazunguka tawi, anatua, anaruka, anatua. Nikasema haya, umefungiwa nyumba, nenda zako shamba. Nikalala usingizi wa raha.

Alfajiri Mwanakheir akanigongea. Sikumjua uso.

"Dada, njoo usikie."

Nikaenda. Dume kang'ang'ania pale palipozibwa, mdomo umejaa mchwa weupe, hawezi kugogota kwa sababu mdomo umejaa, na hataki kuwatema. Anausogeza uso kwenye ile chokaa, anauondoa, anausogeza. Jike yuko juu yake analia. Mwanakheir akapanda ngazi, akaweka sikio kwenye tawi, akanipa ishara na mie nipande nyuma yake. Mie na umri wangu ule nikapanda. Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti, ndogo, ya kukwaruza, kama mchanga unaochekechwa. Watoto.

"Nimewazika hai," akasema Mwanakheir.

"Kurwa ndiye aliyeziba."

"Mti wangu, dada. Nimewazika mie."

Mwanawane, ile asubuhi! Alianza na vidole mpaka kucha zikatoka damu. Akaja na mwiko, mwiko ukavunjika. Akachonga kigingi cha mkoko kwa kisu chake cha jikoni, huko chini, mbali na mti, akapanda nacho akakigonga kwa jiwe. Ncha ikabonyea kama ndizi. Jiwe lenyewe haliingii, tundu dogo. Tukajaribu kulipiga tawi kwa mchi, likatikisika lote likalia kraa, tukaona tukizidi litakatika liwaponde. Maji ya moto hayakufaa kitu. Kurwa mjinga yule, miaka yote majumba ya Shangani yanavuja kwa kazi zake, siku hiyo moja ndiyo aliyofanya kazi ikakamata! Tukampelekea mtu, tukaambiwa yuko juu ya paa hajulikani paa gani.

Adhuhuri ikapita. Sauti ya ndani ikawa inakuja na kupotea.

"Mwanakheir," nikamwambia, na nilimwambia kwa upole, wengine hawaamini lakini kwa upole, "wazee wanakuja alasiri. Watatazama, hawataona tundu, hawatasikia ndege. Mzee Silima atasema mti mzima. Wakishaondoka, giza likiingia, mie mwenyewe nitapanda na patasi. Nani atajua?"

"Hawafiki magharibi, dada."

"Basi hawafiki! Ndege hao! Kila siku wanakufa ndege! Wewe ukitoka hapa utakwenda wapi?"

"Wewe je, ungelala?"

"Ningelala, Mwanakheir! Ningelala na kukoroma!"

Hapo akatokea Matar, kaleta mkeka wa kukalia wazee. Mwanakheir akamkimbilia, mtandio umemwanguka mabegani.

"Matar, kaka yangu, nakuomba. Wewe si mwenye mti, wala mie sikutumi, nakuomba tu kama Muislamu. Kuna viumbe mle ndani. Chukua patasi uwafungulie."

Matar akasikiliza, akatazama juu, akamuona yule ndege na mchwa wake. Uso ulimbadilika, hilo nalisema kwa haki yake. Kisha akatandika mkeka.

"Ukiniomba ni sawa na kunituma," akasema. "Bwana ataniuliza nilipanda mti wa watu kwa ruhusa ya nani. Mti si wangu, Bi Mwanakheir. Msinitie katika maneno." Akaenda kuwapokea wenzake.

Mdogo wangu akaingia bandani. Nikasikia kasha la Hija linafunguliwa, na bawaba zake nazijua. Akatoka na patasi na nyundo ya mti. Nikasimama mbele ya ngazi. Akanizunguka. Akapanda, nami nikamdaka mguu.

"Dada, niachie mguu."

"Siachii."

"Basi tutaanguka sote wawili, na wazee watukute hivyo."

Nikaushika zaidi. Akasubiri. Hakunivuta wala hakunipiga teke, angenipiga ningejua la kufanya. Alisimama vile vile kwenye ngazi na mguu wake mkononi mwangu, na juu yetu yule ndege analia. Nikamwachia. Sijui kwa nini nilimwachia, mpaka leo najiuliza.

Akasema Bismillahi, akapiga.

Na hapo hapo, kama wamepangiwa, wakaingia uchochoroni: Bwana Masoud na kofia yake ya viua, Mzee Silima na bakora, Matar nyuma. Wakasimama. Mwanakheir aliwaona. Akawaamkia kutoka juu, "Shikamoo, Mzee Silima," na Mzee Silima, kwa mazoea tu, akajibu, "Marahaba." Kisha akaendelea kupiga. Chokaa ikamumunyuka, kipande kikaanguka, kingine, na cha mwisho kilikuwa kigumu, akalaza patasi ubavuni, akapiga kwa nguvu, ikateleza ikazama katika shina.

Akaichomoa. Utomvu ukatoka. Ukatoka mwingi, mweupe kama tui la kwanza, ukachuruzika kwenye shina mpaka ukafika kwenye ngazi, mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Kutoka kwenye mti mfu! Mti wenye majani ya kuagia!

Mzee Silima akasogea, akaupapasa, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ukanata. Akapiga shina kwa kiganja mara nyingi, sikio karibu. Akageuka.

"Mzima," akasema. "Moyo wake mzima kabisa. Tawi hili tu ndilo lililokufa. Mti huu, mvua ikinyesha mara moja, utazaa muukimbie."

Nikapiga kigelegele. Ndiyo, nilipiga, mpumbavu mie. Mzee Silima alikuwa akiitazama ile patasi, na Bwana Masoud anatazama chini.

"Mwanakheir, mwanangu," akasema mzee, na sauti ilikuwa ya mtu anayeumwa, "maneno ya Mzee Shaame unayakumbuka?"

"Nayakumbuka, mzee."

"Mie ndiye shahidi. Nikisema sikuona, na kule tunakokwenda nitaulizwa."

"Najua, mzee. Usijitie katika dhambi kwa ajili yangu."

Nikamrukia Bwana Masoud kwa maneno. Nilimwambia yote, na mengine si ya kuandikwa. Nilimwambia mti umesema wenyewe kuwa u hai, anataka shahidi gani tena? Akanijibu taratibu, "Bi Mwatum, mti mzima, sikatai. Lakini kama si chuma, nani angejua kuwa mzima? Na chuma ndicho kilichoutoa." Akamgeukia Mwanakheir akamuuliza kama ana haja yoyote, aseme. Nikamkonyeza: omba chumba, omba kimoja katika hivyo vyumba vitakavyojengwa, huyu ana haya usoni, atakupa! La kuvunda halina ubani, sawa, lakini omba!

Mwanakheir alikuwa bado juu ya ngazi. Dume lilikuwa limeshaingiza kichwa tunduni, wala halimuogopi tena.

"Nina haja moja," akasema. "Mti usikatwe mpaka hawa watoto waruke."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Bwana."

Bwana Masoud akamtazama Mzee Silima, Mzee Silima akatazama bakora yake. "Mpaka waruke," akasema Bwana Masoud. "Nimekubali mbele ya shahidi." Akaondoka haraka haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Basi mdogo wangu akakaa chini ya mti usio wake, anawalinda. Kunguru wakija, yeye na fimbo. Paka wa mtaani, wale wale aliowalisha samaki maisha yake yote, sasa anawafukuza. Biashara yenyewe akaifanya nusunusu, mashelisheli ya kununua Darajani, jicho moja karaini, jicho moja juu. Mie nikikasirika simsemeshi, kisha nikimuona peke yake nampelekea chai, kisha nakasirika tena.

Na Matar akawa anapita. Matar haogopi mtu lakini anaogopa ngazi, kwa hiyo husimama chini akauliza, "Bado?" Mwanakheir hujibu, "Bado." Naye hugeuka akaenda zake. Hakuna hata mmoja wa upande wa Bwana Masoud aliyepanda kuchungulia. Nikaanza kupata matumaini, na matumaini yangu nikayaficha moyoni nisije nikayaharibu kwa mdomo.

Siku moja asubuhi nikamkuta Mwanakheir anafagia, anacheka peke yake. Watoto wametoka. Wawili, utosi wao bado haujakolea wekundu, wanarukaruka kwenye mnazi wa jirani, wanagogota bila nguvu, baba na mama wanawapa moyo. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameelekea shamba, wote, na sikuwaona tena.

Nikamshika mkono nikamwingiza bandani. "Sikiliza. Matar akija, akiuliza bado, mwambie bado."

"Lakini washaruka, dada."

"Wewe umesikia nimekuuliza kama washaruka?"

Akashika ufagio wake. Nikadhani kafahamu. Nikaenda kutia chumvi mchuzi wangu, na nilipotoka banda lilikuwa halina mtu. Kavaa buibui lake, kenda Mlandege kwa miguu, kaingia dukani kwa Bwana Masoud, kasimama mbele ya wateja, kamwambia, "Bwana, washaruka. Tumeni watu."

Wakatumwa. Hivi sasa Mwanakheir anakaa chumba cha mbele kwangu, anakaanga muhogo barazani, na watu wanapita wananambia, Bi Mwatum, mdogo wako ana moyo wa peke yake. Nawajibu, naam, anao, na mie nina yeye mgongoni. Sikuomba moyo wa kupigiwa mfano, niliomba neno moja tu. Ingekuwa mie niliyeulizwa, watoto wale mpaka leo wangekuwa hawajaruka.